Unga wa Vigae

Mfinyanzi hujua mtungi mzuri kwa kuugonga. Syokau aliugonga wa kwanza kutoka tanuruni kwa kifundo cha kidole, mara moja kama kawaida yake, na mtungi ukalia mara mbili.

Akacheka peke yake. Masikio yameanza kustaafu, alijiambia. Akagonga wa pili. Ngo. Kikapita kitambo kama cha mtu anayefikiri, halafu ngo nyingine, kutoka ndani.

Karakana yake iko Kanyangi, nyuma ya nyumba: banda la mabati, gurudumu la kufinyangia na tanuru la matofali. Humo hufanya kazi na bintiye Nduku, ambaye mimba mbili zilimtoka na hii ya tatu imefika mwezi wa saba. Syokau aliilinda mimba hiyo kuliko kitu chochote duniani. Alimkataza Nduku kubeba, kuinama, hata kukasirika. Alimwachia kazi moja tu ya kukaa, kutwanga vigae.

Maana udongo mtupu hupasuka motoni. Sharti uchanganywe na unga wa vyungu vilivyovunjika, na mwezi huo vigae vilikuwa vimekwisha huku Bi Zulekha, mfanyabiashara wa Mwingi, akingoja mitungi kumi na minne. Basi Syokau alipokwenda kuchimba udongo kando ya mto mkavu, akakuta chungu cha zamani kimefukiwa mchangani, mdomo umezibwa kwa nta na kitambaa chekundu, hakujiuliza mara mbili. Mtu anayeimba kwaya kanisani aogope kitambaa cha waganga? Akakipasua kwa jembe. Ndani hamkuwa na kitu, ila harufu ya nywele zilizoungua. Nduku akakitwanga, akakichekecha, akilamba vidole.

"Mwaitu, umesikia hiyo?" Nduku alimnong'oneza mama yake sasa, mkono tumboni.

"Ni hewa tu. Inatoka."

"Hewa gani inangoja mtu agonge kwanza?"

Syokau alivuta nyasi kavu. Akaifunga mitungi, akaituma Mwingi.

Siku ya tano Zulekha alipiga simu, sauti chini.

"Mama Nduku, hii mitungi uliweka nini ndani?"

"Udongo, Bi Zulekha."

"Usinifiche. Watu wanarudisha. Maji inanuka nywele, na mchana kweupe mtungi unagonga wenyewe, kama mtu anaomba afunguliwe."

Syokau akaeleza habari za kile chungu. Zulekha, ambaye babake alimfundisha kuwasomea wagonjwa Kurani, alimkatiza.

"Kilikuwa kimefungiwa jini. Sasa umemsaga, umemgawa. Lazima vipande vyote vikutane pahali pamoja, kisikose hata kimoja. Huko kwako kuna mwenye mimba?"

"Nduku."

"Basi nakuja kesho. Mtoto hajazaliwa hana nguvu ya kumkataza jini asiingie."

Syokau aliogopa, aliogopa kweli.

Zulekha alifika saa sita mchana na pikapu yenye mitungi yote kumi na minne. Wakaishusha kwenye shimo la udongo kando ya mto, jua la utosi, Nduku aliyekataa kubaki nyumbani peke yake ameketi pembeni, na kabla hata Zulekha hajafungua kinywa kusoma, mitungi ikaanza kugonga, mmoja, kisha mwenzake, kisha yote kwa pamoja, haraka, kwa hasira, na harufu ya nywele ikawajaa kooni, huku Zulekha akisoma bila kupumua na kuvunja mtungi mmoja baada ya mwingine kwa nyundo, na kila uliovunjika ukitoa mguno wa mtu aliyeamshwa, mpaka wa kumi na nne ulipopasuka wakamwaga maji ya chumvi na kufukia.

Kimya. Syokau akalia kwa furaha, akamkumbatia binti yake.

Lakini Zulekha alikuwa bado ananusa hewa.

"Ule unga, ulibaki?"

"Hapana. Nilitumia wote."

"Mbona harufu haijaisha?"

Nduku akatazama chini.

"Mwaitu, usinikasirikie," alisema polepole. "Nilikuwa na hamu ya udongo. Ile ya dukani ilikuwa imeisha. Nikitwanga, nilikuwa naonja kidogo."

Zulekha aliiacha nyundo ianguke.

Syokau alipiga magoti mchangani, akaweka sikio kwenye tumbo la mwanawe. Hakusikia kitu. Akashusha pumzi. Kwa kiganja akaligusa tumbo mara moja, taratibu, kumwambia mjukuu wake asiogope.

Kikapita kitambo kama cha mtu anayefikiri. Kisha kutoka ndani, kavu kama mtungi ulioiva motoni, sauti ikajibu. Ngo.