Kitufe Namba Tatu

"Mzee, hapa tumboni uligonga wapi?"

Springi aliuliza akiwa chali chini ya gari, taa mkononi. Kutoka pale aliona viatu tu vya mwenye gari, vyeusi, vimeng'arishwa mpaka unaweza kujitazama ukanyoa ndevu.

"Wapi hapo, fundi?"

"Kuna mkwaruzo mrefu. Tena mpya."

"Aa, tuta hilo. Matuta ya mji huu unayajua mwenyewe."

Springi akausogeza mwanga wa taa. Matuta ya mji huu aliyajua moja moja, ndiyo yaliyomlisha. Na hakuna hata moja lililopakwa rangi ya kijani.

Kijani chenyewe alikitambua hapohapo. Ilikuwa rangi ya geti la kina Sindano, mchumba wake. Brashi alishika yeye mwenyewe mwaka jana, na rangi iliyobaki mama mkwe wake mtarajiwa akamwambia aimalizie kwenye ukingo wa zege chini ya geti, ule uliojengwa kuzuia maji ya mvua yasiingie uani. Ukingo mrefu, hauna huruma. Gari lolote la chini likipita pale linaacha kitu.

Na hili lilikuwa la chini kweli. Gari la michezo la zamani, viti viwili, rangi ya fedha, turubai badala ya paa. Mwenyewe alikuwa daktari wa meno, amefiwa na mke miaka mingi, mvi zimemkaa vizuri na marashi yake yanatangulia mlangoni. Alikuja analalamika kwamba kila barabara inamkuna tumbo. Springi akatoa springi za chuma, akafunga za mpira zinazojazwa upepo. Nyuma kwenye buti akaweka tangi na pampu ndogo, na pembeni ya usukani kisanduku chenye vitufe vinne. Bonyeza moja, gari linalala chini kama paka. Bonyeza mbili, linakaa urefu wa barabarani. Tatu na nne aliviacha wazi, mwenye gari ajiwekee urefu anaoutaka.

Leo gari lilirudi kukaguliwa, kama alivyoagiza. Springi alitoka chini, akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya mipira. Hakuna pumzi iliyovuja. Akaingia ndani akabonyeza tatu, na gari likainuka kuliko lilivyowahi kuinuka.

"Namba tatu umeiweka lini, mzee?"

"Juzi. Fundi, mikono yako ina baraka! Nasimama, nabonyeza, linanyanyuka, napita."

"Unapita wapi?"

Daktari alicheka, meno yote nje.

"Mahali," alisema, akaaga, akaahidi kulifuata gari jioni.

Alipoondoka tu, Springi alichukua futi akapima kutoka tumboni mpaka chini. Ule ukingo aliwahi kuupima, siku ulipomng'olea bomba la moshi la kigari chake. Urefu ulikuwa uleule, na nafasi ya vidole viwili ya kupitia.

Akapima tena. Akajiambia labda ni bahati mbaya, labda kuna geti jingine la kijani. Ndipo alipoona kitambaa kimebanwa kati ya kiti cha abiria na mlango. Alikivuta. Ilikuwa skafu ya zambarau yenye maua ya njano, ile aliyomnunulia Sindano siku ya kumvisha pete.

Ndugu msomaji, hapo hata wewe ungetafuta pa kukaa.

* * *

Sindano alikuwa na chumba chake cha kushonea ukuta kwa ukuta na gereji. Kazi yake ni viti vya magari. Vile vya Daktari alivishona yeye, ngozi nyekundu iliyokolea, na tangu siku hiyo mzee alikuwa haishi kupita. Mara uzi umefumuka, mara anauliza mafuta ya kupaka ngozi. Wakikaa wananong'ona. Springi akiingia wananyamaza, kisha wote wawili wanaanza kusifia hali ya hewa.

"Mpenzi," Springi alisema, amesimama mlangoni. "Ile skafu ya zambarau iko wapi?"

Cherehani ilisimama.

"Skafu? Ipo nyumbani. Kwa nini?"

"Nimeikumbuka tu."

"Haya maajabu. Tangu lini wewe ukakumbuka nguo?"

Alicheka, lakini macho aliyarudisha haraka kwenye ngozi. Skafu ilikuwa mfukoni mwa ovaroli la Springi, inamchoma paja.

Sindano akainuka kuchota maji nje. Simu aliiacha mezani, na kabla Springi hajageuka, kioo kikawaka. Ujumbe wa Daktari, wote unasomeka:

*Kesho saa kumi nakuja rasmi. Nimeshonesha suti. Springi asijue kwanza.*

Macho yalimtoka. Rasmi! Kwa mchumba wa mtu! Tena kwa gari alilolifunga kwa mikono yake mwenyewe ili lipite geti alilolipaka rangi yeye mwenyewe!

Huyu kijana ana mdomo wa kuzungumza na injini siku nzima, lakini akiumia anafunga kama kopo. Alirudi gereji, akaingia ndani ya gari la fedha, akabonyeza moja likalala kabisa chini. Kisha akashikilia kitufe cha tatu mpaka taa ikapepesa. Basi. Kuanzia hapo tatu ilikuwa sawa na moja.

"Nenda sasa," alisema peke yake. "Nenda ukapite mahali."

Jioni Daktari alichukua gari lake, akashukuru mara mbili na kumwita Springi mwanangu. Springi alikenua tu.

* * *

Jumamosi simu ililia saa kumi imepita kidogo. Springi alikuwa ameshavaa, ameshavua, ameshavaa tena.

"Springi! Uko wapi?" Sindano alikuwa anahema.

"Nipo. Kuna nini?"

"Njoo nyumbani haraka. Njoo na vifaa. Gari limekwama getini."

"Gari la nani?"

Injini ilinguruma upande wa pili.

"Sindano, nimeuliza gari la nani?"

"La Daktari. Njoo tu, tafadhali, nitakueleza."

"Usijisumbue. Mimi ndiye nitakayeeleza leo."

Alikata simu. Njia nzima alipanga maneno, akayapangua, akayapanga upya yakiwa makali zaidi. Wivu ulikuwa umempanda kichwani, hata taa za barabarani zote aliziona nyekundu.

Alifika akalikuta gari limekaa juu ya ukingo wa kijani, magurudumu ya mbele yako ndani ya ua, ya nyuma yako barabarani, tumbo limelala kwenye zege. Uani, kwenye viti vilivyopangwa, mama wadogo watatu wa Sindano walikuwa wamepambika, mikono mashavuni. Daktari alikuwa nje ya gari, suti ya kijivu, jasho linamtiririka.

"Fundi, afadhali umefika. Namba tatu imeniangusha. Nimebonyeza kama kawaida, nikawa nazungumza, nikasogea, kumbe linashuka badala ya kupanda! Nimehangaika na vitufe mpaka pampu imepata moto, imejizima."

Springi hakumsikia. Kupitia kioo cha upande wa abiria alikuwa ameona kichwa cha mwanamke kimefungwa kilemba kipya, uso umegeuzwa upande wa pili kwa aibu. Begani lilionekana gauni ambalo Sindano alilishona mwezi uliopita, na akasema halimtoshi.

"Leo nimewakamata!" alipaza sauti, mtaa mzima ukasikia. "Mzee mzima na mvi zako, unanichukulia mchumba! Kwa springi zangu! Na wewe, Sindano, toka humo unitazame usoni. Toka!"

Akaufungua mlango kwa nguvu.

"Sindano yuko nyuma yako, mwanangu," sauti ilijibu taratibu kutoka kule chini. "Mimi ni mama yake. Na sitoki, kwa sababu goti limegoma."

Springi aligeuka. Sindano alikuwa amesimama getini, simu mkononi, hana kilemba wala gauni jipya. Akageuka tena. Mama mkwe alikuwa anamtazama kutoka kwenye kiti chekundu, wanja umemkaa.

"Shi... shikamoo, Mama."

"Marahaba. Karibu kwenye uchumba wangu."

Mama mdogo mmoja uani aliangua kicheko, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Uchumba wa... wa nani?"

"Wangu," Mama alisema. "Nilikwenda saluni, mwenzangu akanifuata ili tuingie pamoja mbele ya wadogo zangu. Basi tumeingia nusu."

Daktari alijifuta jasho, akainamisha kichwa.

"Fundi, nisamehe. Nilikuja hapa kuchagua ngozi ya viti, nikamkuta mama. Tangu siku hiyo nimekuwa nikifumua uzi wa viti vyangu kwa makusudi ili nipate sababu ya kumuulizia kwa binti yake. Na lile halikuwa tuta. Niliogopa kukuambia ni geti gani."

Sindano aliishusha simu. Alisogea polepole mpaka usoni kwa Springi.

"Springi, wewe hukagui kitu kikaharibika ndani ya siku moja. Namba tatu umeifanya nini?"

"Sindano, ngoja..."

"Nimekuuliza umeifanya nini."

"Nimeifuta. Nikaweka urefu wa chini. Niliona rangi ya geti tumboni. Nikapima, nikajua linapita hapa. Nikakuta skafu. Nikaona ujumbe wa mzee kwenye simu yako, anakuja rasmi, mimi nisijue. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

"Ningekuuliza."

"Nilikuuliza skafu ukanidanganya!"

"Ndiyo, nilidanganya. Mama aliiazima, na aliniapisha nifunge mdomo mpaka kesho. Alitaka akuambie mwenyewe ukija kula, kwa sababu anakuheshimu. Tena wewe mdomo wako ni redio, ungeamka gereji nzima inajua mama mkwe wako anachumbiwa. Lakini Springi, uliliuliza gari. Ukaiuliza rangi, ukaiuliza futi. Mimi niko ukuta wa pili, hukuniuliza hata mara moja kama nakupenda."

Akaivua pete, akaiweka juu ya boneti ya fedha, ikalia kidogo kwenye bati.

"Sindano..."

"Tengeneza gari. Mama anaumia."

Jeki haikuwa na pa kuingia, zege lilikuwa limejaza nafasi yote. Ilibidi wangoje pampu ipoe. Springi alipiga magoti nyuma ya buti, anaipepea kwa kipande cha boksi, watu wote wanamtazama. Kufuta urefu wa gari la mtu kilikuwa kitu cha sekunde tatu. Kuurudisha kulichukua muda mrefu kuliko alivyowahi kuona.

"Mwanangu," Mama aliita kutoka ndani.

"Naam, Mama."

"Baba yake Sindano alikuwa na wivu kama wako. Alinichosha. Nilimpenda, lakini alinichosha. Usimchoshe mwanangu."

"Nimesikia, Mama."

"Sijamaliza. Pepea."

Pampu ikakohoa, ikashika. Tangi lilijaa, na gari likaanza kuinuka kidogo kidogo, kona moja baada ya nyingine, mpaka tumbo likaachana na zege. Springi akalisukuma na Daktari hadi uani, akampa Mama bega lake. Mama alitoka wima bila kukunja goti, akanyoosha gauni, wadogo zake wakapiga vigelegele.

Pete ilikuwa bado juu ya boneti. Springi aliishika, akamwendea Sindano.

"Nilikuwa naogopa," alisema. "Yule ana suti, ana meno, ana gari. Mimi nina ovaroli. Nilijiuliza utabaki kwangu kwa kitu gani, nikakosa jibu. Ndiyo nikalitafuta chini ya gari. Nakupenda, Sindano. Nimefanya upuuzi."

"Hao mama zangu wadogo wamekusikia ukinitukana. Nenda ukawaambie ulichokifanya, chote, tena kwa sauti ileile."

Akaenda. Akasema chote, na povu la sabuni, na kuvaa na kuvua. Walicheka mpaka wanja ukawatoka.

"Na pete?" aliuliza aliporudi, masikio yanamwaka.

Sindano aliutazama ule ukingo wa kijani, umechubuka katikati.

"Jenga mteremko hapo, pande zote mbili. Gari lolote lipite, hata lako. Lisihitaji kitufe. Pete nipe niiweke, nitaivaa zege likikauka."

* * *

Jumapili asubuhi Springi alikuja na mchanga, kokoto na saruji. Daktari alikunja mikono ya shati akamsaidia kuchanganya, akaharibu viatu vyake vinavyong'aa. Mama alisimamia akiwa amekaa.

Zege halitaki haraka. Ukiliacha likauke jua kali linapasuka. Linamwagiliwa kila jioni mpaka likomae. Kwa hiyo kila jioni Springi alifunga gereji, akabeba ndoo yake, akaja kumwagilia. Sindano alimjibu salamu, akaendelea na shughuli zake. Kidole chake bado hakina pete.

Jioni moja kazi ilimzidi. Alifika giza linakaribia, anakimbia, ndoo inamwagika njiani, anajua jua la mchana limeshalichoma zege lake na kila kitu kimeharibika.

Akaukuta mteremko umelowa chepechepe. Sindano alikuwa amechutama pembeni, kopo mkononi, anamimina taratibu kwenye kona ya mwisho.

"Umechelewa," alisema bila kuinua kichwa. "Nikajua una kazi."

"Hukufikiri niko kwa mwingine?"

"Ningekuwa na shaka ningekuuliza."

Akaunyoosha mkono wake uliolowa ili ainuliwe. Springi aliushika, na pete ikamgusa kiganjani, ya baridi, imelowa maji.