Mkono wa Mwanapili

Kila jioni Mwanapili wa Mkongani alimfulia mama yake nazi kwenye kifuo, ule mti wenye ncha wa kuchania makumbi, kisha akaenda bombani kuteka maji.

Jioni moja Chirau, mwanafunzi mwenzake, alilipiga teke dumu lake. "Rudi nyuma! Foleni haina bibi harusi!"

Mwanapili akamtia ngumi ya mdomo. Jino la Chirau likamchana kidole, damu ikamchuruzika Chirau hadi kidevuni. Chirau akamkaba koo, akambwaga topeni. Wakagaragazana, wakapigana mateke na kung'ang'aniana nywele, mpaka Chirau akachomoka mbio huku akitema damu.

Mkono ulipoanza kuvimba, Mwanapili aliukaza kwa mpira wa baiskeli juu ya kifundo, kama watu wanavyofunga mguu ulioumwa na nyoka.

"Kifuo kimenichoma, mama," alisema.

Asubuhi vidole vilikuwa vimetuna kama mihogo, havikunjiki. Mama akamkimbiza zahanati.

"Shikamoo, daktari," Mwanapili alisalimu.

"Marahaba." Muuguzi Mukonyo alimsikiliza mama akieleza habari za kifuo, akaukata ule mpira, akalitazama jeraha. "Kidonda cha kifuo nakijua, na hiki sicho. Mwanangu, nikitibu uongo, vidole hivi huenda visikunjike tena. Umefanya nini?"

Machozi yalimtoka. "Nimempiga Chirau mdomoni."

"Yailahi! Na mimi nakisingizia kifuo!" mama akamaka.

Mukonyo aliosha jeraha taratibu, akakamua usaha, akachoma sindano. Mwanapili akapiga ukelele.

"Mdomo wa mtu umejaa vijidudu," Mukonyo alisema. "Ndani ya mishipa ya damu kuna seli zilizojipanga kama mabawabu. Vijidudu vikiingia, mabawabu hao huwanasa askari wa damu, yaani chembe nyeupe, wanaopita, huwafungulia njia watoke wapigane. Ndiyo maana mahali huvimba na kupata moto. Vita vikiisha, hufunga milango. Ikibaki wazi, askari huumiza hata mwili wao wenyewe. Wewe, kwa mpira ule, uliwafungia askari njia."

Siku kadhaa baadaye, dawa alizopewa zilipokwisha, Mwanapili alikunja ngumi, akaikunjua. Siku hiyohiyo mama alimpeleka kwa kina Chirau.

"Nisamehe. Nilikuumiza, kisha nikadanganya."

"Mimi ndiye niliyeanza," Chirau alijibu, mdomo ukiwa bado na kovu. "Lakini mkono wako mzito kama mchi!"

Mama akacheka, kisha akamgeukia bintiye. "Hasira huja, mwanangu, kama uvimbe. Bawabu mwema hujua kufungua, na hujua kufunga. Na ukiumia, sema kweli mapema."