Onyo la Mstari wa 212

Wala haikuanza na kishindo. Ilianza na onyo moja la njano, saa nne asubuhi: mstari wa 212, dozi huenda ikasomwa kabla haijawekwa.

Fundi alisonya. Alikuwa akiandika programu ya pampu ya dawa, na kompaila, ile inayokagua maandishi yake kabla ya kuyageuza yawe ya mashine, ilikuwa inamsingizia. Muuguzi akibonyeza, dozi inawekwa, asipobonyeza, haisomwi. Basi!

"Iwekee dozi sifuri, kompaila inyamaze," alisema Kipara, jirani yake wa meza. "Sote ndivyo tunavyofanya."

"Halafu siku nikikosea kweli, nani ataniambia?"

Pampu ya kwanza ilikuwa wodini, sindano yake ikiwa mkononi mwa mama yake. Tangu mama alazwe, fundi alikuwa amekufa ganzi, anakula bila kujua anakula nini. Akaandika mstari wa kuiapia kompaila: bila kubonyezwa, hapa hapafikiki kamwe. Onyo likatoweka. Akaituma programu wodini bila hata kuijaribu.

Ndipo ikaja harufu ya udongo mbichi, pale pale mezani. Pampu ya pili, iliyokuwa mbele yao, ikaanza kudondosha yenyewe: to, to, to. Kioo chake kikasoma matone yaliyobaki: 19.

"Umebonyeza?" Kipara alinong'ona.

"Sijagusa."

18. Fundi akampigia dada yake wodini.

"Pampu inasoma ngapi?"

"Kumi na saba. Hakuna aliyeigusa."

"Ichomoeni!"

"Umeme tumechomoa, mdogo wangu. Bado inadondosha. Na sindano haitoki."

Fundi hakuogopa; angeogopa, angalau angejua yu hai. Akakifuta kiapo, akairudisha programu ilivyokuwa asubuhi, vidole vikigonga kana kwamba ni vya mtu mwingine, huku harufu ya udongo ikimpanda puani na Kipara akisali chini chini na namba zikizidi kushuka, akaiamuru kompaila ikague upya, akalingoja lile onyo la uongo alilolichukia, limbwekee tena kama mbwa wa nyumbani.

Hakuna onyo.

Akausoma mstari wa 212 mara mbili. Haukubadilika hata herufi. Kompaila haikuwa na la kuonya, kwa kuwa dozi ilikuwa imeshawekwa, na si yeye aliyeiweka.

"Dada, nipe mama."

"Anaongea na mtu kitandani," dada alijibu kwa sauti ndogo. "Mimi simwoni. Wanahesabu pamoja, kurudi nyuma. Wamefika tatu."