Dirisha la Kuchorwa

Asubuhi ya kwanza nyumbani kwa mumewe, Hartwig, Mechthild alikuta unywele mrefu wa rangi ya ngano kwenye chanuo chake. Nywele zake yeye zilikuwa nyeusi.

Nyumba ya Lüdershof ilijengwa na babu wa mumewe huyo, katikati ya mashamba ya shayiri, kwa matofali mekundu. Ukiitazama kutoka uani ilikuwa na madirisha saba chini na saba juu. Kwa kweli ya juu yalikuwa sita. La saba lilichorwa kwa rangi ukutani, fremu na vioo vyake, maana babu alitaka pande mbili zilingane. Chumba cha nyuma yake kilikuwa na giza, lakini kwa ajili ya jiko lake la vigae kilikuwa na joto kuliko vyote. Ndimo Hartwig alimomuuguza mkewe wa kwanza, Adelheid, na ndimo mke huyo alimofia, Mungu amrehemu.

Watu wa huko, mtu akikata roho, hufungua dirisha kabla ya kumfumba macho, roho itoke iende kwa Mola wake. Chumba kile hakikuwa na la kufungua.

Mechthild hakuambiwa. Alichojua ni harufu ya kafuri ngazini, kisha sauti ya mumewe nyuma ya mlango ule, mchana kweupe, akicheka taratibu kicheko ambacho yeye hajawahi kuchekewa, na baada ya kicheko kimya kidogo, kama mtu anayesikiliza jibu, na baada ya kimya hicho kitanda kikilia, ilhali kitanda kilishatolewa humo tangu siku ya maziko.

Alimbana mtumishi mzee, Dörte, mpaka akasema yote. Kesho yake, Hartwig akiwa shambani, alimwita mwashi, akamwonyesha dirisha la kuchorwa.

“Bibi, nyumba hii imedanganya watu miaka mia,” mwashi alitania. “Leo unataka iseme kweli?”

“Vunja.”

Tofali la mwisho lilipotoka, upepo ulivuma kutoka chumbani kwenda nje, ingawa nje jani halikutikisika. Harufu ya kafuri ikaisha, na mwashi akatia fremu, kioo na komeo.

Hartwig aliporudi aliona mwanga mle ndani. “Umemfukuza,” alisema, akainamisha kichwa chake cha mvi, akajilaza humo humo. Siku ya tatu, alasiri, pumzi zake zilianza kuhesabika.

Dörte alisogea dirishani, kama ilivyo desturi. Hapo kioo kikagongwa kutoka nje, polepole, mara tatu, huko ghorofani pasipo na mti wala ngazi, na kafuri ikanukia tena. Mechthild akawahi, akaegemeza mgongo wake kwenye komeo.

“Mpishe, mwanangu,” Dörte alinong’ona. “Aende kwa Mungu.”

“Kwa Mungu, au kwake huyo?”

Dörte alilia. Hartwig alishusha pumzi moja ndefu, na haikufuatwa na nyingine. Mechthild hakubanduka pale hadi giza lilipoingia.

Dirisha lile halijafunguliwa hata leo. Kila alasiri kioo hugongwa kutoka nje, na sasa huitikiwa kutoka ndani. Mechthild hulala chumba hicho hicho. Asubuhi hukagua chanuo chake: nywele zake nyeusi, na kati yake unywele mmoja mfupi, wa mvi. Huutoa kwa vidole viwili, akaubusu.