Kitambaa cha Sita

Kila nikitoka shule nilivua sare, nikavaa ovaroli kuukuu ya shangazi na kukunja mikono yake mara tatu, kisha nikavuka barabara kwenda gerejini. Shangazi ndiye aliyekuwa fundi na mwenye gereji. Mteja mgeni akimuuliza, "Fundi yuko wapi?" alijibiwa kutoka chini ya gari, "Umemkanyaga mguu."

Wiki ile tulikuwa tunabadilisha injini ya pikapu ya baba, gari la zamani lililobeba mboga zake kutoka shambani hadi sokoni. Injini yake ilikuwa imekufa kabisa. Baba alinunua nyingine iliyokwisha kutumika kwa mzee muuza injini, mwenye kibanda kando ya gereji, ambaye sote tulimwita Babu Chuma.

Shangazi alikuwa na sheria moja ambayo hakuwa na mzaha nayo. Injini ikiwa wazi, kila tundu huzibwa kwa kitambaa ili mchanga au nati visiingie. Vitambaa huhesabiwa kwa sauti vikiingia, na huhesabiwa tena vikitoka. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Jumamosi ile niliingiza sita.

Injini iliteremshwa kwa mnyororo, ikakaa mahali pake, ikafungwa bolti. Nikaanza kuvitoa vitambaa. Binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa ananichokoza tangu asubuhi.

"Waziri wa Matambara," alisema, "leo wananchi wako wangapi?"

"Nyamaza!"

"Jamani, waziri kakasirika!"

Damu ilinichemka. Nikawa nachomoa vitambaa huku nikimjibu. Shangazi akauliza kutoka chini ya gari, "Vingapi?"

Mkononi nilikuwa na vitano. Nilijua ni vitano. Lakini nimpe binamu sababu ya kunicheka mpaka jioni? "Sita!" nikajibu. Nikajiambia kimoja lazima kimeanguka mahali.

Shangazi alitoka chini, akaunga mpira mnene unaopeleka hewa kwenye injini, akamalizia mengine. Baba akaingia, akawasha. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazimika. Akawasha tena. Mambo yakawa yale yale.

Baba alishuka na kuubamiza mlango. "Yule mzee kaniuzia maiti!"

"Nilikwenda mwenyewe nikaisikia ikiunguruma," shangazi alisema.

"Labda ulisikia redio yake! Mwite hapa!"

Babu Chuma hakusubiri kuitwa. Zile kelele zilikuwa zimemfikia, na wapita njia nao wakasimama kutazama.

"Wewe ni mwizi!" baba alimfokea. "Jamani, msinunue kitu kwa huyu!"

"Mimi?" mzee alisema. "Miaka thelathini niko hapa. Hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo, hata mlevi!"

Wateja wawili waliokuwa kwenye kibanda chake wakatazamana, wakaondoka. Mzee aliwaona.

Nilikuwa nimeshika vile vitambaa kwa nguvu. Nilimkasirikia binamu kwa uchokozi wake, nikamkasirikia baba kwa matusi yake, na mwisho hakubaki wa kumkasirikia isipokuwa mimi. Mzee anavunjiwa heshima kwa sababu yangu, nami nimesimama kama kisiki!

"Vilikuwa vitano!" nilipiga kelele.

Wote wakanigeukia. Shangazi alichukua bisibisi, akafungua ule mpira wa hewa, akaingiza vidole na kuvuta. Kitambaa cha sita kikatoka. Baba akawasha tena, na injini ikaunguruma bila kukohoa.

Baba aliinamisha kichwa. "Nisamehe, mzee wangu," alisema kwa sauti ndogo.

"Uliniita mwizi kwa kupaza sauti," Babu Chuma alijibu kwa ukali. "Usiniombe radhi kwa kunong'ona."

Baba akawageukia watu na kusema kwa sauti kubwa kwamba mzee ni mwaminifu na kwamba yeye ndiye aliyekosa. Nami nikasema langu, machozi yakinitoka. Mzee alitusikiliza mpaka mwisho, akarudi kibandani kwake bila kutabasamu. Sikumlaumu.

Shangazi aliniketisha juu ya tairi. Uso wake ulikuwa bado umekunjamana kwa hasira.

"Hata mimi nimewahi kusahau kitambaa," alisema. "Ndiyo maana tunahesabu. Kazi hukuiharibu uliposahau, uliiharibu uliposema sita. Ungesema vitano, tungekitafuta dakika moja na kuendelea. Uliogopa kuchekwa, ukamwacha mzee wa watu atukanwe. Ukikosea, sema papo hapo, kosa likiwa bado dogo."

Akaniwekea kile kitambaa cheusi kwa moshi mapajani.

"Haya. Hesabu upya, kwa sauti."

Nilihesabu mbele ya wote mpaka sita. Binamu hakucheka.