Pipa la Maji Moto

Kila alipotoka shule, Chiriku alimpelekea mama yake chakula bondeni, kwenye nyumba ya mtambo. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama ndiye aliyeendesha mtambo wa umeme wa kijiji. Maji ya mto yaliingia mferejini, yakashuka kwa kasi ndani ya bomba, yakazungusha gurudumu la chuma, nalo likazungusha jenereta.

Wiki ile Chiriku alikuwa kimya. Kiangazi kilikuwa kimepunguza maji, jioni taa zilififia, na wanakijiji walikubaliana kuzima kila kitu mchana ili umeme uwekwe akiba. Lakini mchana huohuo pipa lililokuwa nyuma ya nyumba ya mtambo lilifuka mvuke. Chiriku alilitia kidole, akakitoa mbio.

"Sisi tunabana matumizi, mama yako anachemsha maji ya kuoga," fundi cherehani alimwambia njiani. "Lisemwalo lipo. Kesho atatukabidhi funguo za mtambo."

Chiriku hakumtetea. Jioni alinusa kwa siri kanga ya mama yake, akitafuta harufu ya sabuni. Ilinuka grisi tu. Aliona aibu, lakini hakuacha kumshuku.

Kesho yake watu walijaa mtamboni, fundi cherehani mbele, kidole kikielekea kwenye pipa.

"Shemeji, haya maji ya nani?"

"Piga simu dukani kwako, wawashe pasi," mama alijibu. "Na kinu cha unga nacho kiwashwe."

Fundi akapiga. Punde kijitaa chekundu kilichoonyesha kuwa pipa linapata umeme kikafifia, kisha kikazimika. Watu wakatazamana.

"Hatuna bwawa hapa," mama alisema. "Maji yakishapita yamepita, hayawekwi akiba. Na gurudumu likikosa kazi huzunguka kasi mno mpaka likavunjika. Kwa hiyo umeme msioutumia huja wenyewe kwenye pipa hili. Mkizima zaidi, linachemka zaidi."

"Mbona hukutuambia?"

"Mlikaa kikao mkaamua, mimi nikiwa zamu. Nani alikuja kuniuliza?"

Fundi cherehani alikuna kichwa, akaomba radhi mbele ya wote. Wakakubaliana pasi na kinu, vilivyokuwa vikiwashwa jioni, vifanye kazi mchana, na jioni umeme ubaki wa taa. Jioni hiyohiyo nyumba zikang'aa.

Chiriku alibaki mtamboni akiosha bakuli la mama yake. Machozi yalimtoka.

"Mama, hata mimi nilikushuku."

"Nilijua. Chiriku hanyamazi bure. Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa ungesema ni kweli."

Mama alikaa kando yake. Uso wake ulikuwa umechoka, na maneno yale yalimuuma kuliko ya fundi.

"Kuuliza si ujinga, mwanangu. Siku nyingine ogopa, lakini uliza. Mtu asihukumiwe na mwanawe mwenyewe, tena anayemletea chakula."