Vicheko Chini ya Sitaha

Rafiki yangu mmoja alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuendesha mashua ya matanga mtoni. Alipoletewa msaidizi, binti mcheshi, watoto wote wakamhamia. Rafiki yangu, aliyewashika mikono hadi wakajua kufunga fundo, sasa hata salamu alipewa juujuu. Alitabasamu tu, lakini wivu ulimtafuna rohoni, na hakumwambia mtu.

Jioni moja binti aliondoka na watoto kwa basi, yeye akabaki mashuani kukunja tanga. Giza lilikuwa likiingia na maji yametulia tuli. Mara akasikia vicheko kwenye chumba cha chini ya sitaha.

"Nyie! Basi si limeshaondoka?"

Akampigia binti simu.

"Umemwacha nani huku?"

"Hakuna, dada. Wote ninao hapa, wanaimba. Huwasikii?"

Aliwasikia. Na papo hapo mfuniko wa sitaha ukaanza kugongwa kutoka chini, polepole, kwa viganja vingi vidogo. Akainama, simu ingali sikioni.

"Mwalimu," sauti zikanong'ona kwa pamoja, "sisi tunakutaka wewe, siyo yule."